Kicheko cha Mkopo: Utani wa Sumbawanga na Njia ya Mchekeshaji wa Jukwaani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya Sumbawanga katika vichekesho vya jukwaani vya Kiswahili nchini Tanzania, na yanauliza mchekeshaji anayetoka uwanda wa Ufipa huanza safari yake ya kisanaa akiwa na mtaji gani na deni gani. Hoja inayotetewa ni kwamba kichekesho cha uchawi wa Sumbawanga kina sura ya utani lakini hakina mtani. Anayechekwa hana haki ya kujibu, na anayecheka hana wajibu wowote kwake. Hali hiyo humpa mchekeshaji kicheko cha haraka, na papo hapo humfungia njia ya kuisimulia Ufipa yenyewe.

Utangulizi

Mchekeshaji akipanda jukwaani Dar es Salaam akasema tu kwamba ametoka Sumbawanga, aghalabu ukumbi huangua kicheko kabla hajatamka sentensi ya pili. Hajasimulia kisa, hajaigiza mtu, hajapanga matukio yake yakafika kileleni. Kicheko hicho hakikupatikana kwa usanii wake. Kimetolewa kwa dhamana ya jina la mji, na kama mkopo wowote, kina masharti yake. Makala haya yanakiita kicheko cha mkopo.

Uchekeshaji wa jukwaani, kwa maana ya mtu mmoja kusimama na kipaza sauti bila maleba, bila wenzake na bila mhusika wa kujificha nyuma yake, ni sanaa changa Tanzania. Vichekesho vilivyoutangulia vilikuwa vya kuigiza na vya kundi. Vilikuzwa na vikundi vya utamaduni kama vile Muungano na Tanzania One Theatre, vikasikika redioni katika mazungumzo ya Pwagu na Pwaguzi, vikaingia kwenye kanda za video na runinga kupitia wasanii kama Amri Athumani (King Majuto), aliyefariki mwaka 2018, na Said Ngamba (Mzee Small), aliyefariki mwaka 2014. Kundi la Ze Komedi, lililoanza kuonekana kituo cha EATV na baadaye kuhamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, ndilo lililofanya uchekeshaji uonekane kuwa kazi ya kijana wa mjini anayetaka kujitegemea. Baada yao wamekuja waandaaji wa usiku wa vichekesho, Evans Bukuku akiwa miongoni mwa waliotangulia, na jukwaa la Cheka Tu lililoasisiwa na Coy Mzungu. Hapo ndipo mchekeshaji alipoachwa peke yake mbele ya watu.

Kwa mtazamo wa tanzu, sanaa hii haijapata makao yanayokubalika na wote. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, aliweka malumbano ya watani na soga chini ya mazungumzo, mbali na sanaa za maonyesho. Mchekeshaji wa jukwaani anakaa katikati ya kambi hizo mbili. Anapiga soga, lakini soga yake imefanyiwa mazoezi na imelipiwa kiingilio. Anatania, lakini haijulikani mtani wake ni nani. Suala hili la pili ndilo lenye uzito katika makala haya, kwa kuwa Sumbawanga ni mahali ambapo ukungu huo unaonekana waziwazi.

Jina na sikio

Maelezo yanayosikika mara nyingi kuhusu asili ya jina Sumbawanga ni kwamba linatokana na Kifipa na maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni anaambiwa aache uchawi wake nje kabla ya kuingia. Iwapo maelezo hayo ni etimolojia ya kweli au ni ya kimapokeo tu si jambo la kuamuliwa hapa. Kinachovutia ni kwamba jina linalodaiwa kuwa la kuufukuza uchawi limegeuzwa kuwa anwani yake.

Mgeuko huo umefanywa na sikio la Kiswahili. Kwa msemaji wa Kiswahili, wanga ni wachawi wa usiku, na kuwanga ni kazi yao. Sehemu ya kwanza ya jina haimwambii kitu, kwa hiyo anaidondosha na kubaki na ya pili. Jina la mkoa nalo linasaidia. Rukwa, kwa sikio hilohilo, inasikika kama kauli ya kutendwa ya kitenzi ruka, na kutoka hapo hadi kwenye ungo unaopaa usiku ni hatua moja fupi. Utaratibu mzima wa kichekesho umo ndani ya fonolojia na mofolojia ya Kiswahili. Hakuna hata chembe ya Kifipa ndani yake. Ni kichekesho kuhusu Wafipa kilichotungwa katika lugha isiyowauliza Wafipa neno lolote.

Lakini wanga ina maana nyingine ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua, nayo ni kile kirutubisho kinachopatikana katika ugali, viazi na muhogo. Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini, na sehemu ya ugali unaoliwa Dar es Salaam umetoka huko. Kichekesho kinachoanza na mji unaoamriwa kutupa wanga huku ukiulisha wanga mji unaoucheka kingekuwa na ukali wa kutosha, na kingempa mchekeshaji wa Ufipa nafasi ya kuisukuma hadhira badala ya kusukumwa nayo. Uchezaji wa maneno upo tayari, haugharimu kitu. Kwamba ile maana ya ungo ndiyo inayorukiwa kwanza inaonyesha jinsi jukwaa linavyochagua.

Utani usio na mtani

Wanaoutetea utani huu husema kwamba Watanzania wote ni watani, na kwamba Mfipa anayekasirika hajui mila. Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa vigezo vya utani wenyewe. Moreau, aliyeandika kuhusu utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Christensen (1963), aliyeuchunguza miongoni mwa Waluguru, wanaonyesha kwamba utani ulikuwa mkataba wa pande mbili. Mtani aliruhusiwa kutukana, kunyang'anya na hata kuvuruga msiba kwa mzaha, lakini huyohuyo ndiye aliyekuwa na kazi ya kufanya msibani. Ruhusa ya kutania ililipwa kwa wajibu wa kuzika. Na kila aliyetaniwa leo alikuwa na haki ya kulipiza kesho, kwa maneno makali vilevile, mbele ya watu walewale.

Kichekesho cha Sumbawanga kimekata upande mmoja wa mkataba huo. Anayetania anaweza kutoka Moshi, Tanga, Musoma au Temeke. Anataniana na Mfipa kwa misingi ipi, na nani atamzika nani? Mfipa aliyeketi safu ya tatu ukumbini hana kipaza sauti. Akijibu kwa sauti, ataonekana mlevi anayevuruga onyesho. Akinyamaza, watu watasema amekubali. Kilichosalia ni ruhusa bila wajibu, na ruhusa ya namna hiyo ina jina lingine kabisa katika Kiswahili: ni kejeli.

Tofauti inaonekana zaidi Sumbawanga ikilinganishwa na maeneo mengine yenye sifa kama hiyo. Gamboshi, kijiji cha mkoani Simiyu, nacho kinatajwa kuwa makao makuu ya wachawi, lakini Msukuma ana watani wa kutosha, ana wasanii wa kutosha, na lafudhi yake imesikika runingani miaka mingi kiasi kwamba Gamboshi ni sura moja tu kati ya sura nyingi alizo nazo jukwaani. Kwa mtu wa Ufipa, sura ni moja.

Ipo sababu ya pili inayofanya Sumbawanga iwe rahisi kuchekwa, nayo ni ya kisiasa. Uchekeshaji wa jukwaani umepevuka Tanzania katika kipindi ambacho kumcheka mkubwa kuna gharama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zikafuata mwaka 2018. Idris Sultan, mmoja wa wachekeshaji wanaojulikana zaidi wa kizazi chake, alitakiwa kuripoti polisi mwaka 2019 baada ya kuchapisha mtandaoni picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais John Magufuli, na Mei 2020 alishikiliwa baada ya kusambaa kwa video akiicheka picha ya zamani ya Rais. Katika mazingira hayo mchekeshaji anayeanza hutafuta wa kumcheka ambaye hatamwita kituoni. Mkoa ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ukumbini unafaa. Haiwezekani kuuhakiki utani wa Sumbawanga kana kwamba ni suala la adabu tu, kwa maana vicheko vilivyozuiwa kwenda juu lazima vitafute pa kwenda.

Kutoka "mtu fulani" hadi "mimi"

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 mkusanyo wa sanaa ya masimulizi ya Wafipa na kuupa jina There Was a Certain Man. Jina hilo linaashiria fomula ya kufungulia hadithi: palikuwa na mtu fulani. Mtu huyo hana jina wala kijiji. Msimulizi anasimama kando yake, na hadhira inapomcheka mtu fulani, kila mmoja anabaki na hiari ya kujitambua ndani yake au kumtambua jirani yake. Katika maandishi yake, Willis anasisitiza pia nafasi ya mazungumzo na kupokezana maneno katika maisha ya Wafipa, ambapo msikilizaji si chombo cha kumiminiwa bali ni mshiriki.

Jukwaa la kisasa limebadilisha nafsi. Hadithi ya mchekeshaji haianzi na mtu fulani, inaanza na mimi. "Mimi nilizaliwa", "mimi kwetu", "mimi na mke wangu". Hadhira inalipa ili kuamini kwamba yaliyosimuliwa yamempata msimulizi mwenyewe, hata kama inajua ametia chumvi. Mabadiliko hayo ya nafsi ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, na hayakutokea kwa mkupuo. Katika vichekesho vya kundi msanii alilindwa na mhusika. Katika Orijino Komedi ulinzi huo ulibaki katika majina: Emmanuel Mgaya alijulikana kama Masanja Mkandamizaji, na Masanja ni jina la Kisukuma, Mujuni Sylvery alijulikana kama Mpoki, na Mpoki ni jina la Kinyakyusa. Msanii aliazima kabila kama anavyoazima kofia, akacheza, akalivua. Hilo lilikuwa na busara yake, kwa sababu lilimruhusu kuchekesha kwa lafudhi bila mtu yeyote kudhani kwamba anatoa ushahidi kuhusu kwao.

Mchekeshaji wa jukwaani hana kofia ya kuvua. Akisema "sisi watu wa Sumbawanga", anasikika kama shahidi. Na kichekesho cha radi, ambacho ndicho maarufu kuliko vyote, hubadilika sana kikisimuliwa kwa nafsi hiyo. Umbo lake la kawaida ni hili: mtu amemdhulumu mwenyeji wa Sumbawanga kitu kidogo, kuku au nauli, mbingu haina wingu, radi inapiga. Kikisimuliwa na mtu wa pwani ni kisa cha kuogofya kilichotiwa mzaha. Kikisimuliwa na Mfipa kinaweza kuwa tishio, na hapo ndipo penye kipaji. Kwa kweli kisa hicho, kikisomwa vizuri, hakimsemi Mfipa kuwa ni mwovu. Kinamsema kuwa ni mtu asiyedhulumiwa. Aliyeanza ubaya ni yule mgeni aliyechukua kuku. Mchekeshaji anayelitambua hilo anaweza kusimama mbele ya ukumbi uliokuja kumcheka, akaukumbusha kwa upole kwamba anajua walipoegesha magari yao, na kwa sentensi moja mamlaka yakahamia kwake.

Ni hila nzuri, na kwa kijana anayetafuta dakika tano za kwanza jukwaani inafaa. Tatizo linakuja katika dakika ya sita. Njia ya kazi hii inafahamika: kwanza kuchekesha shuleni na kanisani, kisha ushereheshaji wa harusi na sherehe za kumuaga bibi harusi, ambao umewalisha wengi, Emmanuel Mathias (MC Pilipili) akiwa mfano wa aliyeunganisha kazi zote mbili, baadaye video fupi za simu, na mwishowe ukumbi wa Dar es Salaam wenye kiingilio. Katika kila kituo msanii hutambulishwa kwa kilichowafanya watu wamkumbuke katika kituo kilichopita. Aliyeingia kwa ungo atatangazwa kwa ungo, ataalikwa kwa ungo, na siku akileta kisa cha mkulima anayesubiri bei ya mahindi ipande huku panya wakiyamaliza ghalani, ukumbi utasubiri kwa subira ungo utokee. Mkopo umeiva.

Hoja hii ina upande wa pili, na ni haki kuutaja. Mchekeshaji wa pembezoni hana kitu kingine cha kumtambulisha, na kukataa kicheko kinachotolewa bure ni anasa ya mtu ambaye tayari anajulikana. Wachekeshaji wengi duniani wamefungua mlango kwa dhana potofu kuhusu wao wenyewe, kisha wakaigeuza wakiwa ndani. Hilo linawezekana. Lakini ili mtu aigeuze dhana ni lazima awe na kitu cha kuweka mahali pake, na kitu hicho hakiokotwi Dar es Salaam.

Bibi na ungo

Mhusika anayebeba kichekesho hiki mara nyingi ni bibi. Bibi ndiye mwenye ungo, bibi ndiye anayekwenda Dar es Salaam usiku na kurudi kabla ya jogoo, bibi ndiye aliyekosea njia akaangukia uwanja wa ndege. Uchaguzi huo si wa bahati mbaya, na hapa ndipo uhakiki unapolazimika kuacha kutabasamu.

Historia ya Ufipa ina kumbukumbu ya jambo hili. Willis (1968) alieleza Kamchape, harakati ya kuwasafisha watu uchawi iliyopita Ufipa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Jina lake ni la ukoo mmoja na mchape, dawa iliyoenea kutoka Nyasaland katika miaka ya 1930, na linahusishwa na neno la Kinyanja lenye maana ya kufua. Yalikuwa matukio ya hadharani: watu walikusanyika, vitu vilivyodhaniwa kuwa vya uchawi vilitolewa nje, washukiwa walitajwa mbele ya kijiji. Walioongoza walikuwa zaidi vijana, na walioshukiwa zaidi walikuwa wazee. Kijana anayesimama mbele ya umati na kumtaja mzee kuwa mchawi si picha ngeni katika uwanda huo. Haina maana kwamba mchekeshaji ni mrithi wa Kamchape, na ulinganishi wa namna hiyo ungekuwa wa kijuujuu. Ila mpangilio wa watu katika nafasi unafanana, na msanii mwenye sikio anapaswa kuusikia.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, yaliyoandikwa kwa kina na Simeon Mesaki katika miaka ya 1990, ni ya Usukuma. Si Ufipa iliyoyapa taifa sifa hiyo. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928 na haijazuia bibi kuuawa. Hakuna anayedai kwamba mtu hutoka ukumbini akiwa na panga kwa sababu ya kichekesho. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: kwamba kicheko kinahitaji makubaliano ya awali, na Mary Douglas (1968) alikwisha kuonyesha kwamba mzaha hueleweka tu pale ambapo jamii tayari ina muundo unaouruhusu. Ukumbi unaomcheka bibi mwenye ungo umekubaliana, kwa muda wa kicheko hicho, kwamba bibi mzee wa mkoa fulani ni mtu wa kushukiwa. Mjukuu ndiye aliyeyaleta makubaliano hayo mezani, na amelipwa kwa ajili yake.

Sauti isiyosikika

Kasoro kubwa kuliko zote ya Sumbawanga ya jukwaani ni ya kisanaa, wala haihitaji mizani ya maadili kuonekana: mji huo hauna sauti. Vichekesho kuhusu Wahaya, Wachaga, Wasukuma na Wanyakyusa huja na namna ya kutamka, na mara nyingi uigizaji wa matamshi ndio unaobeba nusu ya kicheko. Hadhira inaijua sauti ya Mhaya hata kama haijafika Bukoba. Sumbawanga ina ungo na radi, lakini watu wake hawasemi. Bibi anapaa kimya na kutua kimya. Yaliyomo katika kichekesho yameazimwa kutoka hekaya za uchawi zinazosimuliwa Tanga, Pemba na kwingineko, na jina la mji limebandikwa juu yake tu. Ukilibandua na kuweka jina lingine, kichekesho kinasimama vilevile.

Hapo ndipo mchekeshaji wa Ufipa anapokuwa na kitu ambacho mwenzake wa Kinondoni hawezi kukipata. Anajua baridi ya Juni katika mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na koti zito lililovaliwa ndani ya basi hadi likafika Ubungo na mwenyewe akaona haya kulivua. Anajua matuta ya mviringo ambayo wakulima wa Ufipa huyafukia majani ili yaoze yawe mbolea, na aibu ya mtoto wa mjini anayeyadhania kuwa makaburi. Anajua Tunduma, ambako basi husimama na abiria hupata fursa ya kujiona Wazambia kwa nusu saa. Anajua mapadre na masista, maana Ukatoliki umekaa Ufipa tangu karne ya 19 na umeacha mizaha yake katika kila kaya. Zaidi ya yote anajua Kiswahili kinavyotamkwa na mtu aliyelelewa katika Kifipa, mahali anapovuta na mahali anapokata, na jinsi mazungumzo ya kwao yanavyomngoja msikilizaji aitikie kabla ya kuendelea. Mtindo huo wa kungoja, ukipelekwa jukwaani bila haraka, unaweza kuwa silaha: dakika mbili za maamkizi na hadhira nzima, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, hadi ukumbi wa Dar es Salaam uanze kuhangaika kwenye viti na hatimaye ucheke kwa kujishtukia.

Katika onyesho kama hilo uchawi haulazimiki kufukuzwa. Unaweza kutajwa kwa kupita, kama watu wa Sumbawanga wenyewe wanavyoutaja wanapoulizwa na mgeni, kwa uchovu kidogo na kwa adabu nyingi. Bibi naye anaweza kubaki, ilimradi apewe maneno. Ataulizwa kuhusu ungo wake, naye atajibu kwa lafudhi yake kwamba aliuazima jirani tangu mwaka jana, wa kupepetea mahindi, na hadi leo hajaurudisha.